Kufuga Kuku Kama Tufugavyo Kwetu

Wako wenzangu hapa shuleni wanaodhani ya kuwa kuku wa kienyeji hafugwi, bali hujifuga mwenyewe. Husema ukimfungulia asubuhi na kumfungia jioni kazi yako imekwisha, na yaliyobaki ni kungoja mayai na mchuzi. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno wakati wa chakula, hata nikaona yafaa nichukue kalamu nieleze katika gazeti letu namna kuku wanavyotunzwa nyumbani kwetu, Mkoa wa Singida. Kazi hii sikujifunza kitabuni. Nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye amenilea tangu nilipokuwa na umri wa miaka 4. Na sehemu nyingine nilifundishwa na hasara, kama nitakavyosimulia mbele.

Kwanza niwaeleze wale watokao pwani na mijini kwa nini kuku ni jambo kubwa kwetu. Nchi yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, nao ni mfupi. Tunalima uwele, mtama na alizeti, na mwaka mwingine mvua hukatika kabla ya nafaka kukomaa. Ng'ombe wapo, walakini ng'ombe ni mali ya wanaume, na kumwuza mmoja ni lazima wazee wakae kikao. Kuku ni mali ya akina mama. Mama akitaka sabuni, au mtoto akiugua usiku, humshika jogoo miguu asubuhi na kumpeleka mnadani bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Siku za mnada wachuuzi huwanunua na kuwapakia katika matenga juu ya mabasi, wakasafiri karibu kilomita 700 mpaka Dar es Salaam, ambako watu husifu sana nyama ya kuku wa Singida. Sisi tuwafugao hatuili mara kwa mara.

Zamani kwetu kuku walilala pamoja na watu ndani ya tembe, na nyumba nyingine wangali wakilala jikoni mpaka leo. Bibi aliacha desturi hiyo kwa sababu ya viroboto. Banda lake limesimama juu ya miti minne, kimo cha kiuno cha mtu mzima, na sakafu yake ni fito zilizopangwa kwa nafasi ndogo ndogo ili kinyesi kianguke chini. Kinyesi hicho hukusanywa kila Jumamosi na kupelekwa shambani. Miti ile minne imevishwa makopo yaliyokatwa, ili panya na kicheche wasiweze kupanda. Kicheche ni adui mbaya kuliko wote, kwani paka-mwitu huchukua kuku mmoja akaenda zake, lakini kicheche akiingia bandani huua wengi kuliko awezavyo kula. Pembeni mwa banda kuna shimo dogo la majivu makavu yaliyochanganywa na mchanga. Humo kuku hujigaragaza mchana, wakajipura manyoya na kuondoa chawa na utitiri. Asiyejua hudhani wanacheza, kumbe wanaoga.

Sasa nije kwenye chakula, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Watu wengi huwatupia kuku nafaka asubuhi. Bibi hufanya kinyume chake. Yeye husema asubuhi kuku ana njaa, na njaa ndiyo impelekayo mbali kutafuta panzi, mbegu na wadudu. Ukimshibisha mlangoni atashinda mlangoni. Kwa hiyo huwafungulia jua likisha kausha umande kidogo, wakaenda. Chakula hutolewa jioni, saa kumi na moja hivi, nacho ndicho kinachowarudisha nyumbani kabla ya giza. Bibi hugonga kopo kwa kijiti, na popote walipo huja mbio, mbawa nje. Wakila yeye huwa amesimama akiwatazama mmoja mmoja. Hajui kusoma, lakini anamjua kila kuku kwa uso wake, na asiyekuja, au aliyekuja akasimama pembeni bila ya kudonoa, huyo hukamatwa na kuangaliwa usiku ule ule. Mimi naona faida kubwa ya chakula cha jioni ni hii ya kuwakagua kuku, kuliko hata shibe yenyewe.

Kuku mzima huhitaji gramu 100 hadi 120 za chakula kwa siku. Atembeaye hujipatia sehemu kubwa mwenyewe, nasi humwongezea konzi moja ya mkono, yaani gramu 30 au 40. Lakini kipimo hiki hakiwi kimoja mwaka mzima. Wakati wa mavuno, mtama unapopurwa uani, hatuwapi kitu, kwa maana hushiba masazo. Taabu huanza mwezi wa Septemba mpaka mvua inaposhika. Ardhi ni kavu, wadudu wamejificha, na nafaka ya kihenge inahesabiwa kwa ajili ya watu. Hapo mayai hupungua, na wengi husema kuku amezeeka, kumbe ana njaa. Miezi hiyo sisi huchanganya makopo 3 ya pumba na kopo 1 la mashudu ya alizeti, ambayo hupatikana kwenye mashine za kukamulia mafuta. Mashudu hujenga mwili na mayai, ambayo pumba peke yake haiwezi. Ila mashudu au nafaka iliyoota ukungu haifai hata kidogo. Kuna watu wasiothubutu kula mahindi yenye ukungu, wakawapa kuku. Ile sumukuvu iliyomo huharibu ini la kuku kama iharibuvyo la mtu.

Chakula kingine ni mchwa, nacho hakinunuliwi. Kazi ya kutega mchwa ilikuwa yangu tangu nikiwa darasa la pili. Huchukuliwa chungu kikuukuu kilichopasuka mdomo, kikajazwa mavi makavu ya ng'ombe, mabua yaliyovunjwa vunjwa na majani makavu, kisha hunyunyiziwa maji mpaka yalowane kidogo. Jioni hutafutwa mahali penye njia ya mchwa, udongo wa juu ukakwanguliwa ili matundu yaonekane, na chungu kikafudikizwa juu yake. Juu ya chungu huwekwa matawi ili jua lisikiwahi. Asubuhi mapema chungu huinuliwa na kukung'utwa katika beseni, na mchwa huwa wamejaa. Mambo mawili yapasa kuangaliwa. Usichelewe, kwani siafu wakifika kabla yako hutakuta kitu. Na vifaranga wachanga wapewe mchwa wadogo weupe tu. Wale wenye vichwa vikubwa huuma, kwa hiyo Bibi huwatenga akawapa kuku wakubwa.

Majani mabichi pia ni lazima, hasa kiangazi. Sisi hufunga fungu la mchicha au majani ya mlonge na kulitundika kwa kamba, kichwa cha kuku kikifika kwa kunyoosha shingo; likiwekwa chini hulikanyaga wakalichafua. Maganda ya mayai hatutupi. Huyakaanga kidogo kwenye kigae na kuyasaga, kisha huyachanganya katika pumba, kwani kuku hutoa chokaa nyingi mwilini kila atagapo. Msiyape mazima! Kuku akiisha kujua sura ya ganda na utamu wake ataanza kudonoa mayai yake mwenyewe, na tabia hiyo haina dawa isipokuwa sufuria. Changarawe ndogo hujiokotea wenyewe, nazo hukaa katika firigisi zikasaga nafaka badala ya meno.

Maji yabadilishwe kila siku, yawekwe kivulini katika kigae kizito, na katikati ya kigae liwekwe jiwe, ili kifaranga kikiingia kisizame. Kuku mmoja aweza kunywa robo lita kwa siku ya joto, na asiyepata maji hatagi.

Ama kuhusu kuatamisha, hapa ndipo ufundi wa Bibi unapoonekana. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 mpaka 15, kisha hutaka kuatamia. Hufanya hivyo mara 3 au 4 kwa mwaka. Kila yai litagwalo Bibi hulitia alama ya mkaa, mstari mmoja kwa kila siku iliyopita, na kuliweka katika chungu chenye mchanga mkavu, mahali pa baridi, ncha iliyochongoka ikielekea chini. Yai lililopita siku 10 haliatamishwi. Hilo ni la kuliwa au kuuzwa. Kiota ni kikapu kikuukuu, ndani mna majivu kidogo, juu yake majani makavu ya tumbaku yaliyosagwa kwa mkono kwa ajili ya utitiri, na juu kabisa nyasi laini. Mayai huwekwa usiku, 10 au 12 kwa kadiri ya ukubwa wa kuku, maana yakizidi yale ya pembeni hupoa na kuharibika.

Siku ya 7 Bibi huyapima mayai. Hufunga mlango na dirisha la chumba chake, ukabaki mwanzi mmoja wa jua upitao katika tundu la mlango, naye hulishika yai mbele ya tundu lile. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotandaa kama miguu ya buibui. Yai viza huwa linang'aa tu kama lilivyokuwa siku ya kwanza, nalo huondolewa. Siku hizi mimi hutumia tochi ya simu, na nilipomwonyesha Bibi mara ya kwanza alicheka akasema, "Mume wangu, jua langu halihitaji chaji." (Kwetu, kama mahali pengi, bibi humwita mjukuu wake mume.) Kuku aatamiaye hutoka mara moja tu kwa siku, akala, akanywa, akanya, akarudi, basi chakula chake kiwe karibu, asije akatembea mpaka mayai yakapoa. Siku ya 21 vifaranga huanza kulia ndani ya maganda.

Hila moja ya Bibi ni kuwalaza kuku wawili siku moja. Wakitotoa, vifaranga wote hupewa mmoja usiku, naye hapati kujua hesabu. Yule mwingine huachiwa, na baada ya majuma machache hutaga tena. Siku ya kwanza vifaranga hawahitaji chakula, kwa sababu kiini cha yai kingali tumboni mwao. Kisha hupewa chenga za uwele na mchwa, nao hufunikwa chini ya tenga pamoja na mama yao. Tenga hilo hunyanyuliwa kidogo kwa jiwe ili vifaranga waweze kutoka na kuingia, wakati mama amebaki ndani. Hukaa hivyo majuma 3 au 4, mpaka wapate mbawa na akili ya kukimbia. Bila ya tenga mwewe huwamaliza. Nimewahi kuhesabu kwa jirani yetu vifaranga 11 siku ya Jumatatu, na Ijumaa wakawa 4.

Kuhusu aina za kuku sitasema mengi. Wako kuchi, warefu wenye nguvu na ugomvi mwingi. Wako kishingo, ambao shingo yao haina manyoya, nao huvumilia joto kuliko wengine. Wako wenye manyoya yaliyopinduka. Bibi hachagui kwa sura bali kwa ulezi. Kuku aliyelea vifaranga wake wote huachwa mpaka uzee, hata akiwa mbaya wa kutazamwa. Jogoo mmoja hutosha majike 10, naye abadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili ili asije akapanda binti zake, kwani uzao wa namna hiyo hudhoofika.

Ndivyo ilivyokuwa nikatumwa kununua jogoo. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2022, nami nilikuwa nimekwisha fanya mtihani wa darasa la saba nikingoja majibu. Tulikuwa na kuku 34. Ada katika shule za serikali ilikwisha kuondolewa tangu mwaka 2016, lakini mwanafunzi wa bweni haji mikono mitupu; yataka godoro, sanduku, shuka, sare na viatu, na vyote hivyo vilikuwa vikitembea uani kwa miguu miwili. Bibi alinipa fedha na agizo moja: jogoo nitakayemnunua nimweke kwa mjomba siku 14 kwanza, mbali na wenzake. Nilipata jogoo mwekundu mzuri, tena kwa bei rahisi. Yafaa ningejiuliza kwa nini ni rahisi. Njia ya kwa mjomba ni ndefu, jua lilikuwa kali, nami nilitamani sana Bibi amwone. Nilimwachia uani.

Siku ya 4 jogoo alisimama pembeni, mbawa zimeshuka kama mtu aliyevaa koti la mtu mwingine. Siku ya 6 majike wawili walianza kuhara kijani na kuhema midomo wazi. Baadaye walipinda shingo, wakawa wanazunguka mahali pamoja mpaka wakaanguka. Ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu uletwao na kirusi ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ndiyo maana vitabu huuita kwa jina la mji huo. Hauna dawa. Bibi alitia shubiri mwitu katika maji, akatia pilipili, akatia majani ya mwarobaini, naye hakuacha hata baada ya kuona hayasaidii. Shubiri na mwarobaini watu huvitumia kwa maradhi mengine madogo. Kwa kideri havifui dafu.

Jambo nitakalolisema sasa halinipendezi. Siku ya 8, tulipokuwa tumefukia kuku 17, ndugu mmoja alitushauri tuwauze upesi wale waliokuwa wangali wamesimama. Bibi hakujibu kitu. Asubuhi yake ilikuwa siku ya mnada, tukachagua 6 wenye macho mazuri, na mimi ndiye niliyelibeba tenga. Waliuzwa wote kabla ya saa nne. Fedha yake ndiyo iliyonunua godoro ninalolalia bwenini mpaka leo. Sikujua wakati ule, lakini najua sasa, ya kuwa kuku wale walikwenda katika nyua nyingine sita au pungufu yake, na kwamba jogoo wangu mwekundu yamkini aliuzwa na mtu aliyefanya hesabu kama yetu. Mtu akiniuliza kideri hutembeaje, simwambii upepo. Hutembea kwa tenga.

Waliobaki walikuwa 3. Mmoja alikuwa akiatamia jikoni, hakutoka uani isipokuwa dakika chache. Wawili walikuwa mitetea. Bibi hakunigombeza hata siku moja, nalo lilinitaabisha kuliko fimbo. Nilipomwambia kwa mdomo wangu kuwa sikupita kwa mjomba, alisema, "Nilijua. Jogoo hakuwa na vumbi la njia ya kwa mjomba wako."

Nilipoingia Kidato cha Kwanza, mwalimu wetu wa Bayolojia alitufundisha habari za chanjo, nami nikamwuliza baada ya kipindi. Iko chanjo ya kideri iitwayo I-2, iliyotengenezwa kwanza huko Australia na ambayo hutengenezwa Tanzania pia. Sifa yake ni kuvumilia joto kuliko chanjo nyingine, hivyo huweza kufika vijijini kusiko na friji, ikifungwa katika kitambaa kibichi na kukingwa na jua. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, awe mkubwa au kifaranga, na kuku huachwa kidogo mpaka tone litawanyike jichoni. Hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanjo hii ni kwa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimfai kitu. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo majirani huungana, wakachanga fedha na kuchanja siku moja. Hilo nalo ni jema, maana kuku wako wakichanjwa peke yao, wa jirani watazidi kufa, na mwakani nyote mtakuwa na ugomvi. Ndui nayo ina chanjo yake, ila huchomwa kwa sindano katika ngozi ya ubawa, na hiyo ni kazi ya Bwana Mifugo.

Kumshawishi Bibi haikuwa rahisi. Alikubali likizo ya Juni, mwaka 2023, baada ya Bwana Mifugo wa kata kuja mwenyewe kunywa uji uani kwetu na kusifu banda lake. Tulichanja nyumba 9 usiku mmoja, kuku wakiwa wamelala, maana mchana huwezi kuwakamata wote. Hatukubadili kitu kingine. Majivu ni yale yale, tumbaku ni ile ile, chungu cha mchwa kingali kikifudikizwa kila jioni, ila sasa na mdogo wangu. Kuku mgeni hufungwa siku 14 kwa mjomba, na mwenye kumleta hupita njia ndefu.

Mpaka barua hii inakwenda kwa Mhariri tuna kuku 41, bila ya kuhesabu vifaranga walio chini ya tenga. Tangu tuanze kuchanja kideri kimepita kijijini mara mbili. Siku ya chanjo ijayo inaangukia juma la kwanza la likizo, na Bibi amekwisha kunipigia kwa simu ya mjomba akiniambia nisikose basi la asubuhi, kwa sababu mikono yake sasa inatetemeka, na tone humwangukia kuku shavuni badala ya jichoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu